Taaluma ya ulemavu na elimu maalum: ni kitu kimoja? Naulizia nikiwa Amu

MwalimuLangoni (Amu)

Asalaam aleikum, na hamjambo wote.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Amu, huu mwaka wa kumi na moja. Likizo zote nasoma shahada, na mhadhiri wetu kanipa kazi iliyoninyima usingizi kuliko mbu wa masika: nieleze taaluma ya ulemavu katika elimu ilizaliwa vipi na ina tofauti gani na elimu maalum tuliyofundishwa chuoni. Kurasa nane. Nimesoma makala tatu. Neno moja moja nalielewa, yakishakaa pamoja sentensi inanikimbia.

Basi nimeona nianze na ninachokijua. Nina mwanafunzi Gredi ya 4, miaka 10. Miguu yake haina nguvu tangu kuzaliwa. Kichwa nacho, mashallah, hesabu za kugawanya anazitoa kwa mdomo wenzake wakiwa bado wanatafuta penseli. Baba yake ana punda wa kubebea mchanga na matofali kutoka gatini, na kila asubuhi kabla ya mzigo wa kwanza humleta mwanawe shule. Mtoto yuko juu ya punda, wenzake wako chini wanampungia mkono, anawajibu kama liwali. Mpaka hapo hana upungufu wowote, nawaapia.

Taabu inaanzia langoni. Pana ngazi tatu. Punda hapandi, na mwalimu mkuu hataki punda uani, na ana haki yake, atafagia nani? Kwa hiyo wavulana wawili wa Gredi ya 6 humbeba, mmoja kwapani mmoja miguuni, kama gunia la mchele. Wale wawili wasipokuja, hukaa langoni mpaka nimalize kuita majina nikatafute wa kunisaidia. Kuna siku mvua ilinyesha, darasa likawa na kelele, nikamsahau. Nilikuja kumkumbuka saa tatu. Nilimkuta amevua shati amefunika daftari zake.

Na kiti cha magurudumu anacho! Walikuja wageni, wakamkabidhi, wakapiga picha naye kando ya bahari, wakaondoka na boti ya saa nane. Mnaoijua Langoni mnajua vichochoro vyake: mtaro hapa, kidaraja pale, punda anakuja mbele yako na ngazi ya jirani imetokeza katikati ya njia. Kiti kilitoka siku moja tu, siku ya picha. Sasa mama yake anaanikia kanga.

Mwezi wa pili nilijaza fomu ya kumpeleka kutathminiwa ng'ambo, Mokowe. Swali la kwanza: mtoto ana tatizo gani? Mistari mitatu ya kujazia. Nikajaza kama nilivyofundishwa, udhaifu wa misuli ya miguu, na kadhalika. Tuko kwenye boti tunavuka, mtoto ameshika ukingo anacheka mawimbi, nikajiuliza: mbona fomu hii haina mahali pa kuandika ngazi?

Ndilo swali langu. Hao wasomi wanazungumzia hilo, au nimepotea? Na kama ndilo, sisi tufanye nini katika mui ambao ngazi zenyewe ni urithi wa dunia tangu 2001, huwezi kugusa ukuta bila ruhusa?

La pili, dogo: niandike neno gani? Kiwete, mlemavu, mtu mwenye ulemavu, mwenye mahitaji maalum? Kila ninaloandika mhadhiri analipigia mstari mwekundu.

---

Hesabu_Zangu

Mwalimu usijichoshe, ni kitu kile kile wamebadilisha jina ili watu wapate kupanda vyeo. Zamani tuliita elimu ya wasiojiweza, ikawa elimu maalum, ikawa mahitaji maalum, ikawa elimu jumuishi. Mtoto ni yule yule na chaki ni ile ile. Andika historia ya elimu maalum Kenya, weka miaka, utapita.

---

MagongoMawili (Malindi)

Mwalimu, aleikum salaam kutoka Malindi. Hesabu_Zangu nitamrudia.

Nijitambulishe kidogo maana katika jambo hili anayesema ana uzito kama anachosema. Nilipata polio nikiwa na miaka mitatu. Nimesoma bweni la watoto walemavu, mbali na nyumbani kiasi cha siku nzima ndani ya basi, na huko nilijifunza mambo matatu: kusoma, kufuma vikapu, na kutabasamu mbele ya wafadhili. Hilo la tatu nililifanyia mazoezi zaidi ya yote mawili. Baadaye nikawa mwalimu, kisha mkufunzi, sasa nimestaafu, nakaa barazani nabishana na watu kwenye simu.

Hujapotea. Ukishaandika kwamba fomu haina mahali pa ngazi, kazi umeshaifanya, kurasa saba zilizobaki ni historia tu. Na historia yenyewe haikuanzia chuo kikuu.

Mwaka 1972 Mwingereza mmoja, Paul Hunt, aliyekuwa ameishi kwa miaka katika makao ya walemavu, aliandikia gazeti la Guardian barua akiwaita wenzake waunde umoja wao wenyewe. Si umoja wa madaktari wala wa mabibi wa hisani. Ukaundwa, na mmoja wa waliokuwa mstari wa mbele alikuwa Vic Finkelstein, mtu wa Afrika Kusini, mtumiaji wa kiti cha magurudumu, aliyefungwa kwao kwa kupinga ubaguzi wa rangi kisha akahamia Uingereza 1968. Hapo mimi husimama kidogo. Mtu aliyekwisha kuona sheria inavyomwambia Mwafrika usiingie mlango huu, hakupata shida kuona ngazi inavyosema maneno yale yale.

Mwaka 1976 wakachapisha msimamo wao. Kiini chake ni kutenganisha vitu viwili ambavyo watu huvichanganya: hitilafu ya mwili ni moja, na kile jamii inachokufanyia juu ya hitilafu ile ni kingine. Ulemavu ni hicho cha pili. Wazungu iliwabidi wapigane na lugha yao kulisema hilo. Sisi Kiswahili kilishatupa, hatukutazama tu. Tuna kulemaa, na tuna kulemazwa. Kulemaa ni hali, kulemazwa ni kitendo, na kitendo kina mtendaji. Kijana wako miguu yake imelemaa. Langoni ndipo anapolemazwa, kila siku saa moja unusu asubuhi. Andika hivyo, umwone mhadhiri kama atashika kalamu nyekundu.

Mtazamo huo ulipewa jina la "kielelezo cha kijamii" na Mike Oliver mwaka 1983. Naye alivunjika shingo akiwa kijana, alipopiga mbizi kwenye bwawa la kuogelea, na baadaye akawa profesa wa kwanza wa taaluma hii Uingereza. Chuo Kikuu Huria kule kilishaanza kufundisha somo la namna hii tangu 1975, na Finkelstein akafundisha hapo. Marekani wakati huo huo, Irving Zola, mwanasosholojia aliyeugua polio kama mimi, na wenzake walianzisha chama cha taaluma ya ulemavu mwaka 1982. Kwa hiyo nasaba ya taaluma hii inatoka kwa wenyewe.

Sasa elimu maalum nasaba yake ni nyingine kabisa. Baba yake ni daktari, mama yake ni mtihani wa akili, ule alioutunga Binet huko Ufaransa mwaka 1905. Ilizaliwa kupima, kuainisha na kutenga. Sisemi walimu wake ni wabaya, mimi mwenyewe ni mmoja wao, mkono wangu umejaza fomu nyingi kuliko zako. Nasema swali lake la kwanza daima ni: mtoto ana nini?

Hawa wawili walikutana vipi? Kwa ugomvi. Mwaka 1971 mwalimu mmoja wa asili ya Grenada, Bernard Coard, alipiga kelele London kwamba watoto wa wahamiaji kutoka Karibi wanajazwa katika shule za "wasio na akili ya kutosha" kupita kiasi. Je, uzito wa akili uliwachagua Wakaribi? Basi wanasosholojia wa elimu, akina Sally Tomlinson na Len Barton, wakaanza kuuliza swali lisilo na adabu: elimu maalum inamnufaisha nani? Mtoto, au shule ya kawaida iliyofurahi kumwondoa? Mwaka 1986 Barton na Oliver wakaanzisha jarida la mambo haya, na mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa elimu Marekani wakajitengea tawi lao ndani ya chama kikubwa cha utafiti wa elimu, wakaliita hivyo hivyo, taaluma ya ulemavu katika elimu. Kwa hiyo Hesabu_Zangu, ndugu yangu, mtoto ni yule yule kweli. Anayeulizwa swali ndiye amebadilika. Mimi nimemwona kwa macho yangu mtoto wa Kigiriama akipimwa akili kwa Kiingereza, akaandikiwa "mzito". Angepimwa huyo mpimaji kwa Kigiriama!

Ya Kenya utayapata kwa urahisi: kamati ya Ngala Mwendwa 1964 juu ya walemavu, vituo vya tathmini vilivyoanza katikati ya miaka ya 1980, KISE, chuo cha walimu wa elimu maalum, 1986, sheria ya watu wenye ulemavu 2003, mkataba wa Umoja wa Mataifa tulioridhia 2008, Katiba 2010 kifungu cha 54 juu ya haki za watu wenye ulemavu. Lakini usiyapange kama tasbihi. Chukua mawili tu uyaweke uso kwa uso: sera ya 2009 iliitwa ya elimu ya mahitaji maalum, ya 2018 ikaitwa ya wanafunzi wenye ulemavu. Miaka tisa, na "mahitaji" yameondoka kwenye jina. Hapo pana kurasa mbili nzima ukipenda.

Onyo moja. Usiimeze nadharia hii na mifupa yake. Mapema miaka ya 1990 wanawake wenye ulemavu kama Jenny Morris waliuliza mbona mwili umefichwa uvunguni. Nami nawaunga mkono. Magoti yangu kusi ikianza kuvuma hayajali umebomoa ngazi ngapi. Yanauma, basi. Kuna sehemu ni ya jamii na kuna sehemu ni yangu na Mola wangu.

Neno: kabla ya kumuuliza mhadhiri, umemuuliza kijana? Mimi najiita mlemavu bila taabu, wengine wanataka "mtu mwenye ulemavu". "Kiwete" sikipendi kwa sababu ya walivyonitupia mtaani, si kwa sababu ya ile KI ya mwanzoni. Wanaosema eti KI ni dharau wamesahau kiongozi na kijana. "Mahitaji maalum" ndilo linalonikera. Kuingia darasani kuna umaalum gani?

---

MamaWaMmoja

Samahani naingia bila hodi. Mzee wa Malindi kasema vizuri, ila naona mazungumzo haya kila mara yanaishia kwenye ngazi. Binti yangu ni kiziwi. Ngazi anapanda, anashuka, anaruka kamba. Nilimpeleka shule ya jirani kwa sababu waliniambia siku hizi ni jumuishi, kila mtoto na mwenzake. Alikaa humo miaka miwili. Aliingia darasani kila siku na hakuingia hata siku moja, mnanielewa? Mwalimu alikuwa mwema, alimweka mbele, akampigia kelele.

Niliuza cherehani moja nikampeleka shule ya viziwi, bwenini. Nililia njia nzima. Muhula wa kwanza ulipoisha alirudi anaongea kwa mikono mpaka mimi ndiye nikawa kiziwi nyumbani kwangu. Sasa najifunza kutoka kwake.

Kwa hiyo mkisema kutenga ni kubaya, mimi nauliza kutengwa na nani. Kwangu alitengwa pale kwenye darasa la watoto hamsini. Nimesikia kule Milan mwaka 1880 walimu wasikiao walikutana wakaamua viziwi wasifundishwe kwa ishara, wafundishwe kusema kwa mdomo. Hao nao walidhani wanawaunganisha na watu.

---

MagongoMawili (Malindi)

Mama, hukukosea hata herufi. Na una shahidi: tamko la Salamanca la 1994, lile lililokubaliwa na wajumbe wa serikali 92 na mashirika 25, ambalo kila mtu analitaja kama msahafu wa elimu jumuishi, mpango wake wa utekelezaji wenyewe unasema kwa viziwi, kwa ajili ya lugha yao, shule au madarasa yao huenda yakafaa zaidi. Watu hunukuu ukurasa wa kwanza hawafiki huko. Na Katiba yetu, kifungu cha 7, inaitaja Lugha ya Ishara ya Kenya pamoja na lugha za kiasili. Yaani binti yako ana lugha. Shule ya jirani ndiyo iliyokuwa bubu.

Mimi bweni lilinitenga, yeye bweni limemkutanisha na watu. Yote mawili ni kweli na sioni haja ya kuyapatanisha.

---

MwalimuLangoni (Amu)

Nawashukuru sana, mzee wetu na dada. Kulemaa na kulemazwa! Nimelisoma kwa sauti jikoni, mume wangu akadhani nagombana na mtu.

Nimekumbuka jambo. Ramadhani iliyopita katika darsa tulifafanuliwa sura ya Abasa. Mtume, rehma na amani zimshukie, alikuwa akizungumza na wakubwa wa Makureshi, akaja Abdullahi bin Umm Maktum, kipofu, kuuliza lake, naye akakunja uso. Aya zikashuka. Nimeisikia sura hii tangu utotoni chuo cha Kurani na kila mara nilifundishwa ni ya kuwahurumia vipofu. Jana nimeirudia taratibu, hakuna huruma pale. Yule kipofu hakuambiwa lolote, hakuwa na la kurekebishwa, alikuja kusoma. Ulizungumziwa uso uliokunjwa. Na huyo huyo baadaye alikuwa mwadhini, na aliachiwa Madina aiangalie Mtume akisafiri. Sijui kama mhadhiri atakubali hili kwenye kurasa nane, lakini nitalitia.

Na kijana nimemuuliza kuhusu neno. Kafikiri, kaniambia: "Niite kwa jina langu, mwalimu, ila ukiandika kwenye fomu andika miguu haina nguvu, maana ndivyo ilivyo." Kisha akaniambia kitu sikukiuliza. Kwamba kubebwa hakumkeri. Kinachomkera ni wanaombeba kuchagua wakati. Akitaka kwenda msalani lazima awe na watu wawili wenye hamu naye.

Miaka miwili niko naye, sikujua hilo.

---

FundiChokaa (Amu)

Mwalimu, mimi si msomi, najenga. Shule yako naijua. Zile ngazi si za kale hata, zilitiwa saruji juzijuzi tu, msisingizie urithi wa dunia. Urithi ni nyumba za mawe na milango ya nakshi, si lile tofali la blok. Ruhusa ulizia, ni adabu, lakini usiogope.

Hesabu ni hii. Ngazi tatu, kila moja inchi 6, jumla 18. Mteremko wa kiti cha magurudumu unataka inchi 12 za urefu kwa kila inchi 1 ya kupanda. Kwa hiyo futi 18 za kwenda. Uani mwenu kutoka lango mpaka mlango wa darasa sidhani zinafika futi 12. Itabidi uende, upate kibaraza cha kugeukia, urudi. Inawezekana. Wengi hawapigi hesabu hii, wanamwaga zege kama mgongo wa ngamia, kisha mtoto anateleza kinyumenyume wanasema kiti kibovu.

Msalani je? Mlango ule ni inchi 24, nimeutia mwenyewe. Kiti hakipiti. Huo nao ung'olewe.

Ndia ya kwao mpaka shule siwezi kuirekebisha, hiyo mwachie punda.

---

MwalimuLangoni (Amu)

Fundi, futi 18 na mlango wa msalani itakuwa kama pesa ngapi? Tuna hela kidogo za wazazi, na mwalimu mkuu amesema atasikiliza kama hataombwa zote kwa mpigo.

---

FundiChokaa (Amu)

Saruji na mchanga ndiyo pesa, mkono wangu tutazungumza. Mchanga muulize baba yake, punda si wake? Nitapita Jumamosi baada ya alasiri na utepe. Kijana awepo na kile kiti. Mwambie mamake aanue kanga.